Useme Kwamba Kaseya Amekufa

Kalemie, Jumatatu, jua bado kali

Feza,

Miaka minane mimi bibi yako nimekulipia minerval, ile ada ya shule, kwa masista. Miaka minane nimebeba ndagaa kichwani mpaka utosi wangu ukanyonyoka nywele kama wa mzee mwanaume, ili wewe ujue kusoma. Na jana, chai bado moto mkononi, umechukua kalamu ukaweka jina lako chini ya karatasi ambayo hukusoma hata mstari mmoja. Kwa kitenge. Tena kitenge chenyewe rangi yake itatoka ukikifua mara mbili. Nimekishika kwa vidole, ninajua kitenge.

Umeingia jikoni unacheka. "Nkambo, babu amenipa kitenge cha safari, na miye nimemusinyia karatasi yake ya biro ya serikali." Ukaona nimeacha mwiko ndani ya sufuria. Ukauliza kuna nini tena, nikasema moshi. Haikuwa moshi.

Nikakuuliza polepole karatasi inasema nini. "Inasema tu miye ni mujukuu wa Kaseya." Na nini tena? "Kwamba babu Kaseya ni muzima, anakaa kwake, nyumba ni yake." Ukasema hayo huku unajipima kitenge kiunoni.

Feza, babu yako Kaseya alikufa miaka mitatu iliyopita. Ulilia kaburini mpaka sauti ikakauka. Uliweka jina lako kwenye nini?

Ninakuandikia kwa sababu siwezi kukuambia. Unaijua nyumba hii: ukuta wa katikati haufiki kwenye mabati. Babu yako alisema atauongeza, matofali yakaisha, tukasema mwaka ujao. Sasa kila neno ninalosema jikoni linaruka ukuta na kuketi sebuleni karibu ya yule mtu. Kwa hiyo nimechukua daftari lako la zamani la shule, nimeketi huku nyuma kwenye chanja ya kuanikia ndagaa, ninafukuza kuku kwa mguu na kuandika kwa mkono. Umeenda kuaga rafiki zako. Kaa huko mpaka nimalize. Maandishi yangu ni ya mtu aliyefundishwa katekisimu na kurudishwa shamba, usiyacheke. Wewe mwenye maandishi mazuri, tumeyaona jana yalifanya kazi gani.

Sitakufundisha namna ya kukaa ndani ya meli, wala namna ya kupikia mume, wala namna ya kulala na tumbo la miezi mitano. Huko Kigoma kuna wanawake, watakuambia, na mume wako si mjinga. Nitakuambia yale niliyoharibu mimi. Kalamu ilikuwa yako, lakini mkono niliusukuma mimi, tangu zamani.

Ametoka barazani sasa hivi, amesimama kwenye kona ya nyumba.

"Mke wangu, unaandika nini?"

"Dawa za mimba, aende nazo."

"Ndefu namna hiyo?"

"Mimba njo ndefu."

Amecheka, amerudi kwenye kiti chake. Unaona, nimeandika "kiti chake". Hata mkono wangu umezoea. Kile kiti babu yako alikitengeneza na mbao za behewa lililovunjika, miye nikashika upande mmoja alipokuwa akipiga misumari.

Nianze na nyumba. Unafikiri nyumba hii ilijengwa na mshahara wa reli. Mshahara wa reli ulikuwa wa kula. Babu yako alikuwa mtu wa breki, anaondoka na gari la moshi mpaka Nyunzu na Kabalo, na kila safari kulikuwa na magunia yangu ya ndagaa kwenye behewa la mwisho. Mimi nilinunua ufukweni, nikakausha, nikafunga. Huko bara walikuwa wananingoja. Kila bati unaloliona juu ya kichwa chako lilitoka kwenye mgongo wangu. Tulikaa kambini kwenye nyumba ya kazi, na nilikuwa nimeona wajane wa kambini: mwanaume akizikwa leo, wiki ijayo kuna mtu mwingine anapima madirisha. Nikamwambia Kaseya, mimi sitatolewa nyumbani na sufuria kichwani. Tununue parsele, kiwanja chetu wenyewe.

Siku ya kuandikwa tulienda wote wawili. Fedha zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la nguo yangu mimi. Karani wa siku zile aliuliza, "Jina la mwenye nyumba?" Kaseya alinitazama. Sikiliza hapa, Feza. Mtu yule alinitazama. Alikuwa ananingojea niseme kitu, na kama ningesema andika sisi wawili, angesema andika sisi wawili. Nikanyamaza. Dada zake walikuwa wanasema huko kwao kwamba Kaseya ameolewa na Muluba, kwamba anakula mkononi mwa mwanamke. Nilitaka jina lake lisikike mbele ya watu wote kwenye foleni. Nilisimama pale na fedha zangu kiunoni nikiwa na fahari kama bibi arusi, na karani akaandika: Kaseya. Nikafungua pindo nikalipa.

Hilo la kwanza nililifanya kwa majivuno. Njoo sasa kwenye la pili, ambalo nalilipia kila siku.

Alipougua alijua. Mwezi mzima alikuwa kitandani, wewe ulikuwa bado bwenini kwa masista, tulikuficha habari ili umalize mitihani. Siku moja akaniambia, "Ngoie, muite mwalimu."

"Wa nini?"

"Aandike."

"Aandike nini? Kunywa supu yako."

Baada ya siku chache akarudia. "Ngoie, mwalimu." Nikamwambia mwalimu amesafiri. Mwalimu alikuwa hapo ng'ambo ya barabara anapalilia mihogo yake. Nilikuwa na ile akili ya nyumbani Kiambi kwamba ukipanga maneno ya kifo, umekifungulia mlango na kukiwekea mkeka. Mara ya tatu hakumtaja mwalimu. Alishika mkono wangu akasema, "Nyumba, Ngoie, nyumba hii..." na mimi nikaweka kiganja juu ya mdomo wake. Kiganja hiki ninachoandikia. Nikamwambia utapona, tutaongea ukipona. Akanitazama juu ya vidole vyangu. Hakujaribu tena. Alikufa baada ya siku nne, na lile neno akaenda nalo.

Watu wanasema alikufa vizuri, bila kusumbua mtu. Mimi njo nilimzuia kusumbua.

Sasa la tatu, na hili ulikuwepo, lakini ulikuwa unalia na hukuangalia vizuri.

Unajua miye ni Muluba wa Kiambi. Kwetu mtoto ni wa baba, na cha baba ni cha mtoto. Babu yako alikuwa Mtabwa wa upande wa Moba. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwanaume akifa, kitu chake kinakwenda kwa mtoto wa dada yake. Tulipooana hatukuyafikiria hayo, tulikuwa vijana, tulikuwa tunacheza dansi kambini. Matunda yake aliyala baba yako, mwana wetu. Kwa Watabwa, alikuwa mtoto wa upande wangu. Kwa Waluba, alikuwa mtoto wa upande wa Kaseya. Kila upande ulimkaribisha chakula na kumwambia kwenu ni kule. Alipokufa na homa, wewe una miaka minne na mama yako amekwisha kutangulia, hakuna aliyekugombania. Nikakuchukua mimi. Kwa hiyo ukisikia mtu anakuambia una ukoo mara mbili, jua huna hata mmoja. Una mimi, na una karatasi ya ubatizo ya baba yako.

Siku ya kumaliza matanga walikuja wazee wake kwa boti kutoka kusini. Wakamleta Chomba, mtoto wa dada yake. Wakamkalisha mkekani, wakampaka ile chokaa nyeupe ya mtoni kwenye paji la uso, wakamfunga mshipi wa marehemu, wakamtundika shingoni ile filimbi ya reli. Chomba ambaye hajafanya kazi ya reli hata siku moja. Wakasema hayupo Chomba tena, huyu ni Kaseya, Kaseya amerudi. Ni desturi yao, na sikuidharau wala siidharau leo. Jina la mtu mwema lisitupwe porini. Wakasema mjane amkaribishe kwanza.

Wale dada wote walikuwa wananitazama. Walingoja Muluba akosee. Na mimi, Feza, mwenye kichwa kigumu, nilitaka waone kwamba ninaijua desturi yao kuliko wao. Nikasimama, nikasema kwa sauti iliyofika kwa majirani: "Kaseya, karibu nyumbani kwako. Kila kitu ulichoacha kipo." Wakapiga vigelegele. Nikaingia ndani, nikatoa mfuko wake wa ngozi wenye kiko na kisu na nguo zake za kazi, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Sikuufungua. Nilitaka ionekane sihesabu vitu. Kitabu cha parsele kilikuwa chini kabisa ya mfuko, kimefungwa kwenye kipande cha nailoni.

Nilikitafuta wiki mbili ndani ya nyumba kabla sijakumbuka nilikiweka wapi.

Nikaenda kumuuliza. Alikuwa ameketi barazani. Nikasema, Chomba, kuna kitabu ndani ya mfuko, nipe. Hakukasirika. Akasema kwa upole, "Nani Chomba? Si weye ulinikaribisha?" Siku ile ile alihamia sebuleni, na mimi nikahamishia godoro jikoni. Na wewe uliporudi likizo, nani alikuambia umwite babu? Mimi. Nilikuvuta sikio kabisa. Nikasema usinitie aibu, hii ni desturi ya babu yako, mwite babu. Sasa umeweka kwenye karatasi yale yale niliyokuvutia sikio uyaseme. Ndiyo maana jana sikukupiga na mwiko.

Usidhani nakuambia ni mtu mbaya. Ingekuwa rahisi. Hajanipiga, hajanitukana. Ananunua chumvi. Nikiugua anauliza kwa nini nakohoa. Ananiita mke wangu mbele ya wageni na kucheka, nami nacheka kwa sababu nisipocheka nitaonekana nina roho mbaya. Kwa macho ya watu wake anafanya haki. Miaka mitatu ninaishi na mtu ambaye siwezi kumshtaki kwa neno lolote, na kila asubuhi navuka sebule yangu kwa hodi.

Lakini ukuta usiofika bati unasikia pande mbili. Wiki iliyopita alikuja mfanyabiashara mmoja mwenye tumbo, wakakaa kule ndani wanapatana bei ya nyumba. Nikatwanga kidogo, nikaacha, nikatwanga kidogo, nikaacha. Mfanyabiashara akasema, "Na ule muke?" Yeye akasema, "Atapata fasi. Dada zangu kule Moba wako na jiko kubwa." Mimi, kwenye jiko la dada zake. Afadhali wanizike kwenye ile chanja ya samaki.

Nilikuwa nimekwisha kwenda biro mara mbili, wewe ulifikiri niko sokoni. Hawa wa serikali mpya wanaandika parsele zote upya, mtaa kwa mtaa. Karani ni kijana mwenye adabu, lakini kichwa chake kinafuata daftari.

"Mama, hapa imeandikwa Kaseya."

"Kaseya amekufa."

"Alikuya wiki hii. Alitusalimia wote. Iko na filimbi."

"Filimbi ni ya marehemu."

"Basi marehemu iko nayo shingoni." Wenzake wakacheka. Akaniuliza kama nina karatasi ya kifo. Nikasema kaburi lipo, msalaba upo, aende akaone. Akasema msalaba hauingii ndani ya daftari. Mwaka ule wa bendera ya uhuru, Wazungu wa biro walikuwa wanafunga masanduku yao, mimi nilikuwa na matanga, nani angekwenda kuandikisha kifo? Sikujua kama kifo kinaandikishwa. Nilifikiri kufa kunatosha.

Akaendelea kuniuliza. "Unalala wapi?" Nyumba ile. "Na Kaseya?" Nyumba ile. "Anakuita nani?" Nikafunga upya pindo la nguo yangu. "Mama, anakuita nani?" Nikasema, mke wangu. Akaweka kalamu chini, hakucheka tena, nadhani alinionea huruma. "Sasa miye niandike nini?"

Nilitoka pale nikaketi kwenye ngazi. Nilifikiri kurudi Kiambi. Kisha nikakumbuka kwamba vijiji vyetu vimechomwa katika vurugu hizi, kaka zangu sijui kama wako Manono au porini au wapi, na njia mtu hapiti. Nilifikiri kuomba nyumba kambini, kambini wanakaa wanaofanya kazi. Huku mbele ziwa, huku nyuma barabara iliyokufa, na katikati nyumba yangu ambayo naipigia hodi.

Unaniambia kila siku, twende wote Kigoma, mume wangu amekubali, kuna nafasi mbili. Mwanangu, unafikiri sitaki? Sijatoka mji huu hata siku moja tangu matanga. Alipokufa mama mlezi wako wa ubatizo kule Nyunzu, sikwenda kumzika, nilisema mguu unauma. Mguu ulikuwa mzima. Nikivuka kizingiti na mzigo kichwani, atasema mbele ya watu kwamba mjane ameondoka mwenyewe, na hatasema uongo. Ninalinda nyumba kwa kukaa ndani yake, na nyumba nayo imenifunga. Hapo njo nilipo. Usiniombe tena.

Lakini safari ya tatu yule karani aliniita pembeni. Akasema neno la mjane halitoshi, kwa sababu watu watasema mjane amegombana na mume. "Lete damu. Mutoto ao mujukuu. Alete karatasi ya ubatizo ya baba yake yenye jina la Kaseya, aape kwamba babu yake amekufa, na watu wawili waliomuzika washuhudie. Nitaandika kifo kwanza. Kifo kikiingia daftarini, hakuna Kaseya mwingine. Kisha parsele itaandikwa kwa mujukuu, na chini yake nitaandika kwamba mjane anakaa humo mpaka mwisho wa maisha yake." Nikamwambia aniandikie hivyo kwenye kipande, akaandika, ninacho ndani ya mkebe wa chumvi.

Nilikuwa sijakuambia kwa sababu ya ukuta. Nilingoja njia ya kukuambia. Yule hakungoja, akanunua kitenge.

Sasa karatasi yako anayo. Kesho kutwa ni siku ya mtaa wetu, atavaa filimbi yake aipeleke karatasi hiyo, na karani akiona damu ya Kaseya imesema Kaseya ni mzima, hata mimi nikijilaza mbele ya mlango haitasaidia. Meli yako inaondoka kesho saa sita mchana. Tuna asubuhi moja.

Kabla sijakuambia la kesho, niongeze la kwako, fupi, kwa maana kuku wamechoka na mimi.

Mume wako anakupenda. Kaseya alinipenda pia. Mkipata hata chumba cha udongo huko Kigoma, siku ya kuandikwa mwende wote wawili, na karani akiuliza jina, akikutazama, wewe sema. Watakaosema unamtawala mumeo, waseme, hawatakupa pa kulala. Na mkiwa wazima, mmeshiba, mnacheka, njo siku hiyo ya kumwita mtu wa kuandika nini kiende kwa nani. Usingoje homa. Mgonjwa akitaka kusema, mwache aseme, hata kama maneno yanakukata tumbo. Mume wako ni Muha, sijui desturi zao za urithi, na wewe huzijui. Uliza. Uliza mama mkwe wako, si siku ya matanga, uliza mnapochambua mboga. Mimi niliolewa miaka thelathini na mbili na sikuuliza.

Mtoto akiwa wa kiume utataka kumwita Kaseya. Mwite, nitafurahi. Lakini wiki ile ile aandikwe, yeye mtoto wa nani na nani, na karatasi uiweke mahali ambapo unaweza kuifikia gizani. Nikifa mimi, uje na karatasi kwanza, kulia utalia ukishafika. Wakitaka kumpa mtu jina langu, wape, jina halina mlango. Mfuko wangu ufungue mwenyewe, utoe kila kitu, kisha ndipo uwape.

Ameita tena. Anauliza kama chakula cha kukuaga kitakuwa na kuku. Nimesema ndiyo. Nitamchinjia yule jogoo anayempenda, ale ashibe, alale sana.

Basi. Kurasa hizi nitazichana, utazikuta ndani ya kiatu chako cha kushoto, pamoja na karatasi ya ubatizo ya baba yako. Usizichome. Nimechoka na vitu visivyoandikwa. Zishone ndani ya pindo la nguo yako ya safari, kama nilivyokuwa nafunga fedha zangu.

Usiku wa leo usinitazame kwa macho makubwa, usininong'oneze, usimwambie hata mtu mmoja. Kula, cheka, mwite babu mara ya mwisho, haitakuua. Nimekwisha kumwambia kwamba kesho asubuhi tunaenda misa ya safari. Mungu atanielewa, biro iko nyuma ya kanisa. Kitenge usikirudishe. Kivae kesho, akuone umekivaa unapopita barazani, akutakie safari njema.

Saa mbili tuwe kwenye ngazi za biro. Papa Ilunga, aliyefanya kazi ya breki na babu yako, na katekista aliyesoma sala kaburini, wote wawili wamekubali. Mizigo yako mume wa jirani ataipeleka bandarini. Ukifika mbele ya meza, sema kwanza ile karatasi ya jana uliitia jina bila kusoma. Utaona aibu. Ione, aibu hiyo ni ndogo kuliko yangu. Kisha toa karatasi ya ubatizo, uiweke mezani, na useme, kwa sauti niliyotumia mimi siku ya mkeka, ifike mpaka barabarani: Kaseya amekufa. Miye ni mtoto wa mwana wake.

Nitakuwa nimesimama nyuma yako. Sijawahi kulisikia neno hilo likisemwa mbele ya watu, kwa hiyo sijui nitafanya nini. Ukinisikia nalia, usigeuke. Endelea kusema mpaka karani amalize kuandika, usome alichoandika, kila mstari, kwa kidole, ndipo uweke jina lako.

Nkambo wako,
Ngoie